Duka la kupima vipodozi pale Kikuubo: shea beba, glita achana nayo

Duka lenyewe halina bango wala jina, ukiuliza ndani ya akeedi, lile jengo la maduka madogo madogo, watakuambia tu "kwa wale wa kupima", unapanda ghorofa ya pili upande unaotokea Kikuubo, liko kati ya muuza wigi na fundi wa gomesi, yale magauni ya sherehe ya kina mama wa Uganda. Ni kibanda tu, watu watatu wakiingia wa nne anasubiri kwenye korido. Lakini humo ndani kuna karibu kila kitu ambacho mtu anayejitengenezea vipodozi au anayependa mekapu za ajabu ajabu anaweza kukitafuta hapa Kampala, shea ya kaskazini kwenye ndoo, nta ya nyuki, mafuta ya nazi, ya mnyonyo, gliserini, rangi za unga kwenye vikopo, mika (ule unga wa kumetameta), glita, rangi za uso zile za kulowesha kwa brashi, kope, gundi ya kope, vikopo vitupu vya kuwekea lipubamu, yale mafuta ya midomo. Na wanapima. Ukitaka nta ya elfu mbili unapimiwa nta ya elfu mbili, huo ndio uzuri wao mkubwa, manake kwingine wanakulazimisha ubebe kilo nzima ya kitu ambacho utatumia vijiko viwili halafu kinakaa kabatini mpaka mende wanakizoea.

Mi napamba maharusi wa kwanjula, ile sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba kwao msichana, na nikipata kazi ya tamasha au ya video napaka nyuso pia, kwa hiyo vitu hivi navinunua kwa pesa yangu na vikiharibika vinaharibikia usoni pa mteja wangu. Sijalipwa na mtu kuandika hii. Kwa kifupi, upande wa mafuta na nta hawa watu ni hodari sana, upande wa rangi ni nusu nusu, na upande wa ushauri usiwasikilize hata kidogo, hasa yule kijana wa kaunta.

Nianze na shea kwa sababu ndiyo inayowapeleka watu wengi pale. Ya kwetu siyo ile ya Ghana na Nigeria mnayoiona kwenye video. Mti ni wa jamii moja ila huu wa kwetu ni nilotica, unaota huko Lango, Acholi, Teso na West Nile, na mafuta yake yana oleiki nyingi zaidi (asidi ya mafuta laini) na steariki kidogo (ile ya mafuta magumu), ndiyo maana ni laini, kidole kinazama, ukisugua kiganjani inayeyuka hapo hapo. Ile ya Afrika Magharibi ni ngumu, mpaka uikwangue. Sasa ukifuata resipe ya Mghana wa kwenye video kwa shea ya Otuke, huko Lango, utapata lipubamu inayomwagika kwenye mkoba, siyo kwamba umekosea vipimo, ni mafuta mawili tofauti. Ongeza nta kidogo, basi.

Hajati mwenye duka ana ndoo mbili na hazijaandikwa kitu, uliza. Moja ni ya kukamuliwa kwa mashine bila moto mwingi, rangi ya krimu, ina harufu ndogo ya karanga. Nyingine ni ya kienyeji, kokwa zinakaangwa, zinatwangwa, zinachemshwa mpaka mafuta yanaelea juu yanaenguliwa, hiyo ina harufu ya moshi na hiyo harufu haitoki hata uweke manukato gani. Kwa uso na midomo chukua ya kwanza. Kwa visigino na nywele ya pili inatosha sana na ni rahisi. Mi nililipa elfu kumi na mbili robo kilo ya ile nzuri. Kuna watu wanalalamika bei, sawa, lakini huo mti unachukua kama miaka 20 kuanza kuzaa vizuri, na huku watu wanaukata wachome makaa, mpaka mwaka 2023 rais akatoa amri ya kusimamisha biashara ya makaa kule kaskazini. Hata hivyo nusa kabla hujalipa. Ikinuka mafuta yaliyochacha usichukue, na Hajati hana shida, anakubali unuse, anakufungulia hata ndoo ya chini. Nusu ya maduka ya taun mtu akikuona unanusa anakuuliza kama umekuja kununua au umekuja kufanya ukaguzi.

Jambo moja kuhusu shea na mekapu, kwa sababu naona wasichana wanafanya hivi kila siku: msipake shea nzito halafu faundesheni juu yake mara moja. Itateleza. Saa sita mchana mko kwenye hema la kwanjula, jua la Kampala hilo, mama wa bi harusi anafuta jasho, faundesheni yote iko kwenye kola ya gomesi. Paka kidogo kabisa, subiri kama robo saa, futa na tishu ile iliyobaki juu, ndipo uanze kazi. Ila kwenye kutoa mekapu usiku, hapo shea haina mpinzani, inatoa hata maskara ya wota-prufu na gundi ya kope, unasugua taratibu unafuta na kitambaa cha uvuguvugu, na hulipii elfu arobaini za kimiminika cha chupa ndogo.

Lipubamu sasa. Vipimo vyangu kwa hali ya hewa ya Kampala: nta sehemu moja, shea sehemu mbili, mafuta ya mnyonyo sehemu moja. Pima kwa mzani, siyo kwa kijiko, nta ya vipande inadanganya kijiko. Weka bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, tanguliza nta peke yake kwa sababu inayeyuka kwenye digrii 62 hivi mpaka 64, halafu ndipo shea iingie, ambayo yenyewe hata joto la mwili linaiyeyusha, ukiziweka pamoja tangu mwanzo unaipika shea bure ukisubiri nta. Kabla hujamwaga kwenye vikopo dondosha tone moja kwenye kijiko ulichokiweka friji, subiri ligande, lisukume na kucha. Kucha ikiingia bila kugusa kitu, ongeza nta. Ikikwaruza, ongeza mafuta. Mlio Gulu, Arua, Moroto mtahitaji nta zaidi, joto la kule halina mchezo. Wengine wanabadilisha mnyonyo na mafuta ya nazi, inawezekana, ila mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye digrii 24 au 25, yaani hapa mchana yako majimaji karibu mwaka mzima.

Na ile lalamiko ya kila mtu, "shea yangu imekuwa na chenga kama uji wa unga uliosagwa vibaya", hiyo siyo kwamba umeuziwa feki. Ikipoa polepole yale mafuta magumu ndani yake yanajikusanya peke yake yanaganda kivyake. Yeyusha tena yote, kisha iingize friji haraka ipoe kwa mkupuo. Umeme ukikatika katikati, ndio hivyo, pole.

Tukija kwenye rangi, hapo ndipo duka linaanza kuniudhi. Wana unga wa bitiruti wanauza kama rangi ya lipubamu, pakiti ndogo elfu nane, na watu wananunua kwa sababu ni "asilia". Jamani. Rangi ya bitiruti inayeyuka kwenye maji, kwenye mafuta haiyeyuki. Ukiitia kwenye shea na nta unapata vidoti vyekundu vinavyozama chini ya kikopo, ukipaka mdomo unahisi mchanga, na hata huo wekundu wenyewe mwanga na joto vinaumaliza mapema. Chukua bitiruti ule, ina faida yake. Ukitaka rangi ya mmea inayokubali mafuta kuna mbegu za bixa, zile nyekundu wanazolima Kwale pwani ya Kenya, unazilowesha kwenye mafuta ya uvuguvugu unachuja, unapata rangi ya machungwa nzuri kabisa. Hajati anazileta mara moja moja, wengi hawazijui zinakaa tu pale juu. Lakini kwa midomo yetu myeusi hiyo machungwa peke yake haionekani, changanya na oksidi ya chuma ya kahawia, hiyo wanayo, ni ya bei poa na ndiyo hiyo hiyo wanaotengeneza lipstiki za dukani wanatumia.

Namna ya kuichanganya: usitupe unga kwenye sufuria. Weka rangi kidogo kwenye sahani, matone machache ya mafuta ya mnyonyo, halafu saga na mgongo wa kijiko, saga, saga, mpaka ukivuta mstari kwenye sahani huoni chembe hata moja. Mnyonyo ni mzito na unaishika rangi vizuri, ndiyo maana hata kwenye lipstiki za kiwandani umo. Hapo ndipo unaitia kwenye nta iliyoyeyuka. Mteja wangu mmoja wa Ntinda anataka nimpe hiyo yenye kahawia na wekundu kidogo kila akija, anasema inamkaa kuliko lipstiki yake ya Dubai, sijui kama ananisifia au anataka bei ya chini.

Tatizo kubwa kwenye zile rangi ni kwamba vikopo vyote vimeandikwa kwa kalamu "BLUE", "GREEN", "PINK NEON", basi. Nilimuuliza yule kijana, hii ya bluu ni gani, ultramarini au nini, akanijibu "nnyabo (yaani bibie), hizo zote ni za mekapu, zote ni moja." Siyo moja! Kwa mfano sheria za Marekani zinaruhusu ultramarini kwenye macho na usoni lakini kwenye midomo hapana, na kijani ya oksidi ya kromiamu vilevile midomo hapana. Na zile neon zinazowaka chini ya taa ya bluu za klabu, hizo hazijaruhusiwa kabisa karibu na macho, na ndipo hapo hapo kila mtu anapozipaka akienda tamasha la Nyege Nyege kule Jinja. Mi neon naiweka shavuni, shingoni, mabegani, begani inawaka vizuri tu na hakuna kope pale. Hajati alipokuja nikamwambia, akasema ataandika majina kamili kwenye vikopo. Bado hajaandika. Mpaka aandike, pale chukueni oksidi za chuma, yaani nyekundu, njano, kahawia, nyeusi, na mika isiyo na rangi ya kung'aa sana, hizo hata ukikosea kidogo huendi hospitali ya macho.

Glita ndiyo nawaambia achaneni nayo kabisa. Iko kwenye mfuko mkubwa wa kilo, ile ile ya kadi za Krismasi na kucha, anakupimia kwa kijiko. Glita ya ufundi ina kingo kali, nyingine ina madini, ikiingia jichoni inakwaruza mboni, na huwezi kumwambia mtu anayecheza usiku mzima kwenye vumbi asijiguse macho. Ya vipodozi ni ya plastiki laini, imekatwa kwa ajili ya ngozi, na rangi yake haichuji. Hiyo nendeni maduka ya vipodozi yenye pakiti zilizofungwa, mlipe zaidi. Na kuitoa usisugue kwa taulo, bandika selotepu taratibu juu yake ivute, iliyobaki weka ile shea, futa.

Kitu ambacho sikukitarajia ni darasa la Jumamosi. Elfu thelathini kwa kichwa, mnakaa watano sita kwenye korido mbele ya kibanda, viti vya plastiki, kioo kimoja kirefu, na dada anayefundisha anajua kazi, huyo nampa maksi zote. Hana maneno mengi ya "jipende ung'ae", anakaa chini anakuonyesha mkono. Siku niliyokwenda alifundisha wanja wa mistari, ile ya kisanii ya pembe pembe inayopanda mpaka karibu na nyusi. Wengi tunachora tumefumba jicho moja, tukifumbua mstari umekunjika, hasa sisi wenye kope za kukunja. Yeye anasema angalia mbele, macho wazi, weka alama ya nukta pale unapotaka ncha iishie, halafu ndipo uunganishe. Akachukua kadi yake ya ATM, akaiegemeza toka kona ya jicho kwenda mwisho wa nyusi, akavuta mstari kwenye ukingo wa kadi, akaigeuza upande wa pili akafanya jicho jingine, yote mawili sawa sawa. Kadi aliifuta kwanza kwa spiriti, nilimwona.

Halafu akapaka vidoti, vile vyeupe vya kupanda juu ya nyusi na kushuka puani ambavyo kila tamasha vinapendwa. Hatumii brashi upande wa manyoya, anatumia mkia wake. Chovya mara moja kwenye rangi, gonga mara tatu nne bila kuchovya tena, na vidoti vinapungua ukubwa vyenyewe kuelekea mwisho, huhitaji kupima kitu. Kwa vidoti vidogo zaidi kijiti cha meno. Rangi yenyewe ni ile ya uso ya maji, na siri ni maji machache, brashi iwe na unyevu tu, siyo kudondosha, kwa sababu ikiwa majimaji inapasuka ikikauka. Msichana mmoja alikuwa amekuja na nyeupe yake aliyochanganya nyumbani, dioksidi ya titani ndani ya shea, ilipendeza dakika ishirini, kisha ikaanza kushuka. Mafuta hayakauki, hilo halina dawa, ukitaka kitu kikae usiku mzima kwenye jasho tafuta rangi ya maji, piga poda isiyo na rangi juu, nyunyiza seting sprei, acha ikauke kabla hujacheka.

Pale pale akamsaidia mama mmoja aliyenunua faundesheni ya njano mno, machungwa kabisa, ya kumtoa kama amepakwa udongo wa barabara ya Mityana. Tone dogo sana la bluu, ncha ya kijiti, akakoroga na ile machungwa ikatulia ikawa kahawia ya mtu. Na chini ya macho, kwa ngozi nyeusi, alitumia lipstiki ya machungwa iliyokolea, kidogo, akaisambaza kwa kidole, ndipo konsila juu. Weusi wa chini ya macho ukipakwa konsila peke yake unakuwa kijivu, hasa kwenye picha za flashi. Hiyo ya flashi tena, epukeni poda nyeupe yenye titani nyingi kwenye kwanjula, mpiga picha akiwasha flashi uso unatoka mweupe shingo nyeusi na albamu hairudiwi.

Wiki nyingine huwa wanafundisha majeraha ya bandia, wanakuja vijana wa maigizo, wa Makerere na wengine. Jelatini, maji na gliserini kiasi sawa, unapasha polepole mpaka iyeyuke, unaacha ipoe mpaka ukiigusa kwenye kifundo cha mkono haiunguzi, ndipo unapaka usoni kwa kijiti, unafanya kingo nyembamba, ikishika unaipasua katikati unatia rangi ya damu. Inatoka kizuri mno, unaweza kumtisha mama yako. Waislamu wenzangu waulize jelatini ni ya nini, mi nikamuuliza Hajati akanionyesha pakiti imeandikwa ya ng'ombe, nikanunua.

Lakini sasa usafi. Sponji moja, watu watano. Brashi ya maskara moja, inapita jicho hadi jicho, na huyo dada mzuri ninayemsifu ndiye anayeipitisha. Mmesahau yale macho mekundu ya 2024 yalivyozunguka Kampala mpaka wizara ya afya ikatoa tangazo? Niliuliza kwa upole, dada, hatuna brashi za kutupa, akasema zinauzwa kule chini. Zinauzwa kule chini kweli, mia mia, na kwa elfu thelathini ya kichwa wangeweza kuziweka mezani. Nendeni na sponji yenu, maskara yenu, na wanja wenu.

Kwenye wanja nisipite haraka. Wanauza pia wanja wa jiwe, ule mweusi wa kusaga. Sisi tuliokulia Bombo tunaujua, bibi zetu walipaka, na najua kuna watakaoniona nimejifanya mjuaji. Ila jiwe hilo mara nyingi ni galena, ni madini ya risasi, na kuna kina mama wanampaka mtoto mchanga machoni. Risasi kwa mtoto inaharibu akili, hakuna kiasi salama. Penseli ya wanja ya dukani iliyofungwa ni elfu tatu, nunua hiyo. Hina yao ni sawa, ya kijani inayonuka majani, ila ile waliyoiandika "hina nyeusi" inayokolea ndani ya nusu saa usiguse, hina halisi haina rangi nyeusi, wanatia dawa ya nywele na kuna watu wanatoka malengelenge mkono mzima.

Na hapa nifikie kilichonikasirisha zaidi. Nimesimama nalipa, kijana ananiinamia kwa sauti ya chini, "nnyabo, nikuchanganyie na ya kutakatisha? Wiki mbili tu." Mkorogo. Ana kikopo chini ya kaunta, hakina nembo, hakina karatasi, na ananiambia ni "mchanganyiko wa mitishamba". Mtishamba gani unaotakatisha ngozi kwa wiki mbili? Shirika la viwango, UNBS, limeshakataza vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni miaka mingi, na zebaki imo pia kwenye mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kuidhibiti, ambao Uganda tumeukubali, kwa sababu inaingia mwilini inaharibu figo, na mtoto anayenyonyeshwa anaipata. Nyingine zina steroidi, ngozi inakuwa nyembamba mpaka unaona mishipa, ukipata kidonda hakifungi. Mi kama mpambaji naziona hizo nyuso, uso wa rangi moja, vifundo vya vidole vyeusi, shingo rangi ya tatu, na faundesheni inakataa kushika mahali popote. Nilimwambia Hajati mbele yake. Hajati akasema yeye hajui kitu, ni biashara ya kijana. Duka ni la nani, Hajati? Hiyo peke yake imewatoa nyota mbili kwangu, na kama nikikuta bado kile kikopo kipo nitawatoa zote na bango nitawachorea mwenyewe.

Basi mengine ya "jifanyie mwenyewe" wanayoyauza kwa maneno, siyo kwa bidhaa: limau usoni, soda ya kuokea, dawa ya meno kwenye chunusi. Juisi ya limau ina pH ya kama 2, ngozi yako iko kwenye 5 hivi, na ukitoka nayo kwenye jua letu hili la ikweta inaweza kukuacha na malengelenge na mabaka meusi ya miezi. Soda ya kuokea inakwenda upande wa pili kabisa. Dawa ya meno ni ya meno. Na shea siyo kinga ya jua, kijana anamwambia kila mtu ni "sanskrini asilia", haitoshi hata kutembea mpaka Old Taxi Park.

Losheni nazo, na hili wengi hawalijui, chochote ukikiwekea maji, iwe maji ya mchele, ya mawaridi, au jeli ya mshubiri uliyoikwangua mwenyewe, kinaanza kuota vijidudu ndani ya siku chache hata kama hunusi kitu. Duka zima la kupima hawauzi kihifadhi hata kimoja! Wanauza gliserini, wanauza maji ya mawaridi, wanauza chupa za pampu, yaani wanakupa kila kitu cha kutengeneza losheni isipokuwa kile kinachoizuia isioze. Kwa hiyo mpaka wakilete, tengenezeni vya mafuta matupu, lipubamu, mafuta ya mwili, zeri ya visigino, vya kutolea mekapu. Vinakaa miezi mkichota kwa kijiko kikavu, siyo kwa kidole kilichotoka kuoga. Jeli ya mshubiri fanya ya leo na kesho, weka friji. Na chochote kipya paka kwanza ndani ya kiwiko, acha siku moja au mbili uone, hasa gundi za kope, kuna watu latexi inawavimbisha macho asubuhi ya harusi.

Pesa mtu aje nazo za noti ndogo, chenji wao hawana kamwe, mobile money wanachukua ila wanaongeza ya kutoa. Wanafungua saa tatu, wanafunga saa kumi na mbili jioni, Ijumaa mchana wanafunga kwa ajili ya swala, Jumapili hawapo. Jumatatu asubuhi ndiyo kutulivu, Hajati mwenyewe anakuwepo na mzani anausawazisha mbele yako, kijana huwa anachelewa. Mlio mbali, Mbale, Mbarara, Arua, wanatuma kwa basi, nta na rangi zinafika salama kabisa. Shea mwambieni aiweke kwenye mkebe wa mfuniko wa kuzungusha, siyo ule mfuko wa plastiki aliomtumia shangazi yangu Arua, ilifika imeloweka viatu vya abiria na kondakta akataka alipwe.